Mambo Matano Niliyojifunza Usharika Wetu Ulipoahidi Kupinga Ubaguzi wa Rangi

Mimi ni Mtanzania, mshiriki wa usharika wa Kilutheri nchini Marekani ambao waumini wake wengi ni wazungu. Usharika wetu uliahidi kuung'oa ubaguzi wa rangi, kuanzia ndani ya kanisa lenyewe. Nimo katika kamati inayosimamia ahadi hiyo, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Toba huanza na kuijua historia.
Tarehe 17 Juni 2015, watu weusi tisa waliuawa kwenye mafunzo ya Biblia katika kanisa la Emanuel AME, la Wamethodisti weusi, mjini Charleston, South Carolina. Muuaji, kijana mzungu mbaguzi, alikuwa mshiriki wa usharika wa ELCA (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani), kanisa letu. Wachungaji wawili waliouawa, Clementa Pinckney na Daniel Simmons, walisoma katika chuo cha theolojia cha Kilutheri. Mwaka 2019 ELCA iliwaomba radhi watu wenye asili ya Afrika. Tulipoyasoma haya pamoja, hakuna aliyeweza kusema hayatuhusu.

2. Anayelalamika apewe madaraka.
Katika Matendo 6, Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Wakachaguliwa watu saba kuusimamia, na majina yao yote ni ya Kiyunani. Kumkaribisha mtu kwenye benchi la kwaya ni rahisi. Kazi ni kumpa nafasi kwenye baraza la wazee, anakoweza kupinga na kura yake ikahesabiwa.

3. Ahadi isomeke kwenye bajeti.
Kanisa la United Parish, Brookline, Massachusetts, lilianza mwaka 2021 kutoa sadaka maalumu kila linapoimba nyimbo za kiroho zilizotungwa na watumwa. Fedha hizo husaidia kuwafunza muziki vijana weusi. Watunzi hawakulipwa kitu. Vizazi vyao angalau vinapata haki kidogo.

4. Mwafrika mhamiaji asitumiwe kuwa ushahidi.
Wengine waliniona madhabahuni wakasema kanisa letu limeshabadilika. Lakini jeraha la Wamarekani Weusi ni la zamani. Richard Allen na wenzake waliondoka katika kanisa la Kimethodisti la St. George's, Philadelphia, baada ya waumini weusi kuinuliwa kwa nguvu wakiwa magotini wanaomba. Mwaka 1816 likazaliwa kanisa la AME. Uwepo wangu haulipi deni hilo. Wajibu wangu ni kukataa kusifiwa kwa namna inayowanyamazisha wao.

5. Ahadi itolewe hesabu.
Kila mwaka, kwenye mkutano mkuu wa usharika, kamati husoma taarifa: nani amechaguliwa, fedha zimekwenda wapi, lalamiko gani halijajibiwa. Wachache hukereka. Hata hivyo, tunakiri kila Jumapili kwamba tuna Baba mmoja. Ungamo hilo linatudai tugawane madaraka na mali kama ndugu, na wanaostahili kusema kama tumefanya hivyo ni wale waliobaguliwa.