Kifafa kwa Watu Wazima: Dawa ya Kila Siku Huokoa Maisha

Katika Kaunti ya Kilifi, mtu mzima anayeishi na kifafa mara nyingi hulazimika kuacha kazi moja baada ya nyingine. Mgema hakubaliwi tena kupanda mnazi. Mvuvi hachukuliwi kwenye mashua. Mama anayepika kwa mafiga ana makovu ya moto mikononi. Wengine hufichwa nyumbani kwa miaka, jamaa wakiamini kuwa ugonjwa huo hauna tiba.

Ukweli ni tofauti. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wanaweza kuishi bila mishtuko wakitambuliwa mapema na kupewa dawa zinazofaa.

Kifafa ni nini?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kati ya seli zake. Umeme huo unapovurugika ghafla, mtu hupata mshtuko. Daktari husema mtu ana kifafa akipata mishtuko miwili au zaidi isiyo na chanzo cha papo hapo, na inayopishana kwa zaidi ya saa 24. Kwa hivyo, aliyeshtuka mara moja kwa sababu ya malaria kali au upungufu wa sukari mwilini si lazima awe na kifafa.

Si kila mgonjwa huanguka na kutoa povu. Wapo wanaokodoa macho kwa muda mfupi, wanaotafunatafuna bila chakula mdomoni au wanaopapasa nguo zao bila kujitambua. Hawa hukaa miaka mingi bila kutambuliwa.

Kwa mtu mzima, kifafa kinaweza kutokana na jeraha la kichwa, kiharusi, maambukizi ya ubongo, uvimbe kwenye ubongo au unywaji wa pombe kupita kiasi. Wengine walianza safari hii utotoni, kwa matatizo wakati wa kuzaliwa au malaria ya ubongo. Kwa wengine chanzo hakijulikani. Hata hivyo, kifafa hakiambukizi. Mate au povu la mgonjwa haliwezi kumpa mtu mwingine ugonjwa huo.

Utafiti wa Kilifi umefichua nini?

Wakazi wa Kilifi wamechangia pakubwa elimu ya kifafa barani Afrika. Mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ulioanza mwaka wa 1989 katika hospitali ya Kilifi, umechunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi. Kilifi ilikuwa mojawapo ya maeneo matano ya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2013, pamoja na Ifakara nchini Tanzania, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana na Agincourt nchini Afrika Kusini. Watafiti walionyesha kuwa maambukizi ya vimelea, majeraha ya kichwa na matatizo ya wakati wa kuzaliwa yanahusiana na kifafa. Mengi kati ya hayo yanaweza kuzuiwa.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka wa 2012, ulipima damu ya wagonjwa wa Kilifi ili kujua ni nani aliye na dawa mwilini. Zaidi ya nusu hawakuwa wakipata tiba ipasavyo. Umbali wa kituo cha afya, gharama, na imani kuhusu chanzo cha ugonjwa vilikuwa miongoni mwa sababu.

Matokeo yake ni mazito. Mwaka wa 2014 watafiti waliripoti kuwa watu wenye kifafa cha mishtuko mikubwa Kilifi walikuwa wakifariki kwa kiwango cha zaidi ya mara 6 kuliko watu wengine. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wasiomeza dawa kama walivyoagizwa.

Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya jaribio la kuwafundisha wagonjwa kuhusu ugonjwa wao. Waliofundishwa walipunguza imani potovu, lakini katika kumeza dawa hawakutofautiana na ambao hawakuwa wamefundishwa. Funzo ni kwamba kujua pekee hakutoshi. Dawa sharti ipatikane karibu, na mgonjwa awe na mtu wa kumkumbusha.

Mgonjwa akifika kliniki

Jambo la kwanza ni maelezo. Kwa kuwa mgonjwa mara nyingi hakumbuki kilichotokea, aje na mtu aliyeshuhudia. Video fupi iliyochukuliwa kwa simu, kwa ridhaa yake, humsaidia sana daktari. Kipimo cha EEG hurekodi umeme wa ubongo, lakini majibu ya kawaida hayamaanishi kuwa mtu hana kifafa. Mtu mzima aliyeshtuka kwa mara ya kwanza huenda akahitaji pia picha ya ubongo.

Dawa zinazotumika sana ni fenobabitoni, kabamazepini na valproeti. Mgonjwa anashauriwa:

• Kumeza dawa kila siku, hata kama hajashtuka kwa miezi mingi.
• Kurudi kliniki kabla dawa haijaisha.
• Kutoacha dawa ghafla, kwa maana hilo linaweza kuleta mshtuko mrefu unaohatarisha maisha. Uamuzi wa kuipunguza hufanywa na daktari, na kwa kawaida hufikiriwa baada ya miaka 2 au zaidi bila mshtuko.
• Kumweleza mhudumu iwapo anatumia dawa za HIV, kifua kikuu au uzazi wa mpango. Baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya kuzuia mimba.

Valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayetumia dawa hiyo na anayeweza kupata mimba aongee na daktari mapema, lakini asiiache mwenyewe. Anayetegemea maombi anaweza kuendelea nayo huku akimeza dawa.

Kwa nini mafunzo ni muhimu?

Daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu husoma miaka mingi: kwanza udaktari, kisha magonjwa ya watu wazima, halafu taaluma yenyewe. Mabingwa hao ni wachache nchini, na wengi wako mijini. Mgonjwa wa Ganze au Magarini hawezi kumsubiri bingwa kila mwezi. Ndiyo maana WHO, kupitia mwongozo wake wa mhGAP, huhimiza maafisa wa kliniki na wauguzi wafunzwe kutambua kifafa, kuanzisha dawa na kufuatilia wagonjwa. Bingwa hubaki kwa wale ambao mishtuko haikomi licha ya dawa.

Mtu akishtuka, fanya hivi

1. Tazama saa na uhesabu muda.
2. Ondoa vitu vigumu, moto na maji karibu naye. Weka kitu laini chini ya kichwa chake.
3. Usimzuie kwa nguvu. Usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni.
4. Mshtuko ukitulia, mlaze kwa ubavu na ukae naye hadi atakapopata fahamu.
5. Mkimbize hospitali mshtuko ukizidi dakika 5, ukijirudia kabla hajazinduka, akiumia, akiwa mjamzito, au ikiwa ni mara yake ya kwanza.

Wakazi walio na jamaa anayeanguka wanahimizwa kumfikisha kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au kuzungumza na mhudumu wa afya wa kijiji chao. Aliyeacha dawa zamani pia anakaribishwa. Tiba inaweza kuanza upya. Wasiojisajili na SHA wanaweza kubonyeza *147#.