Mada ya 9: Kuchagua na Kutumia Vifaa Kinga Kazini

Anza na swali hili la mfano.

"Juma ameajiriwa katika karakana ya kuchomelea mageti. Anapochomelea huvaa miwani ya jua, fulana ya nailoni, suruali iliyokunjwa miguuni na ndala. Eleza madhara manne yanayoweza kumpata na umshauri avae nini."

Mtahiniwa asiyejiandaa ataandika: "Juma avae helmeti, glavu, buti, ovaroli na barakoa." Orodha hiyo si uongo, ila haijibu kilichoulizwa. Kila hoja yako inapaswa kubeba mambo matatu yaliyofungamana: kihatarishi, sehemu ya mwili inayodhurika, na kifaa pamoja na sifa yake inayozuia kihatarishi hicho. Ukitaja kifaa bila sifa umeacha alama mezani. Na kwa kuwa baadhi yenu mtaingia karakanani wiki chache baada ya mtihani, soma mada hii ukikumbuka kwamba macho yatakayokuwa mbele ya moto huo ni yako.

Kihatarishi kwanza, kifaa baadaye

Vifaa kinga ni mavazi na zana anazovaa mfanyakazi ili kupunguza madhara ya vihatarishi vya kazi yake. Zingatia neno "kupunguza". Kifaa hakiondoi kihatarishi, kinasimama tu kati yake na mwili. Ndiyo maana katika ngazi za udhibiti huwekwa mwisho. Kwanza ondoa kihatarishi kabisa. Ikishindikana, badilisha kwa kitu chenye madhara madogo. Kisha tumia njia za kihandisi, kama kuweka kifuniko cha diski ya grinda au feni ya kuvuta moshi. Zifuatie taratibu za kazi na mafunzo, na hatimaye vifaa kinga. Ukiulizwa kwa nini viko mwisho, jibu: humlinda aliyevaa peke yake, hutegemea avivae sawasawa kila mara, na vikishindwa hakuna kizuizi kingine nyuma yake.

Macho

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapojidanganya. Mwali wa umeme wa kuchomelea hutoa mwanga mkali, mionzi ya infraredi na mionzi ya urujuanimno. Urujuanimno huunguza konea, yaani utando wa mbele wa jicho, lakini maumivu hayaji papo hapo. Fundi hufunga kazi jioni akiwa mzima, kisha usiku anaamka macho yakiwasha kana kwamba yamejaa mchanga, yanatiririka machozi na hayataki kuona taa. Kwa kuwa maumivu yamechelewa, anadhani chanzo ni vumbi la njiani.

Miwani ya jua haitoshi. Giza lake ni dogo mno kwa mwali huo, na pembeni na usoni iko wazi. Kinachotakiwa ni ngao ya uso yenye kioo chenye namba ya giza. Kwa kuchomelea kwa umeme kwa fito, namba zinazotumika kwa kawaida ni 10 hadi 12. Kadiri mkondo wa umeme unavyokuwa mkubwa, ndivyo namba inavyopanda. Kuchomelea kwa gesi huhitaji namba ndogo zaidi, kama 5. Ngao ikishafunuliwa kazi haijaisha: fundi anapogonga gamba lililoganda juu ya mshono, vipande vya moto huruka, na hapo anahitaji miwani safi yenye kinga ya pembeni. Msaidizi anayeshika chuma naye ana macho. Mpe ngao yake.

Kama Juma ana fedha za kununua kitu kimoja tu leo, mimi ningemwambia anunue ngao kabla ya buti.

Mwili, miguu na mikono

Nailoni na poliesta zikipata cheche huyeyuka na kugandia kwenye ngozi, hivyo kidonda huwa kikubwa kuliko cheche yenyewe. Vazi linalofaa ni la pamba nzito, na juu yake aproni ya ngozi. Suruali isikunjwe wala isiingizwe ndani ya buti, maana mikunjo na mdomo wa buti hupokea cheche kama bakuli. Kiberiti cha gesi kisikae mfukoni.

Buti la usalama lina kofia ngumu kwenye vidole. Buti la kiwango cha ISO 20345 hupimwa kwa pigo la jouli 200. Ukitumia nishati = tungamo × 10 × kimo, utaona hilo ni sawa na chuma cha kilo 20 kikianguka kutoka mita 1, kwani 20 × 10 × 1 = 200. Ndala haina la kupima.

Sasa mtego. "Glavu zivaliwe wakati wote karakanani." Kweli au si kweli? Si kweli. Kwa kuchomelea, glavu ndefu za ngozi ni lazima. Kwenye keekee au mashine yoyote inayozunguka, glavu inaweza kunaswa ikavuta mkono mzima. Vivyo hivyo mikono mirefu iliyolegea, mikufu na nywele zisizofungwa.

Pumzi

Juma akichomelea bomba lililopakwa zinki, moshi mweupe unaotoka huweza kumletea homa ya mafusho: saa chache baadaye anatetemeka, viungo vinauma, mithili ya malaria. Aondoe kwanza zinki sehemu ya mshono, afanyie kazi penye hewa ya kutosha, na avae barakoa ya kuchuja chembe. Barakoa ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana zilizo hewani, mradi ishike uso vizuri. Ndevu huacha upenyo.

Barakoa hiyo haizuii gesi. Tena hakuna barakoa ya kuchuja inayoongeza oksijeni, hata yenye kichujio cha gesi. Ndani ya tangi, kisima au shimo la maji taka ambamo oksijeni imepungua, aliyevaa barakoa ya kuchuja anaweza kufa pamoja na aliyemfuata kumwokoa. Huko inahitajika hewa inayoletwa kutoka nje au kwenye mtungi, na mtu wa kusimamia juu.

Masikio

Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupunguzwa nusu. Grinda ikitoa desibeli 94, ongezeko ni 9, yaani nusu mara tatu: 8, 4, 2, 1. Asiye na viziba masikio ana saa 1 tu.

Kukagua na kutunza

Helmeti iliyopigwa pigo kubwa hubadilishwa hata kama haina ufa unaoonekana. Isipakwe rangi, kwa kuwa viyeyusho hudhoofisha plastiki. Jua nalo huichosha. Tarehe ya kutengenezwa hupigwa chapa ndani yake.

Nani anunue? Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA. Mwajiri ana wajibu wa kumpa vifaa kinga mfanyakazi aliye kwenye vihatarishi. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kuvitumia na kuvitunza.

Hoja moja ya Juma iliyokamilika

"Mionzi ya urujuanimno ya mwali wa umeme inaweza kuunguza konea ya Juma, kwa kuwa miwani ya jua ina giza dogo na iko wazi pembeni. Avae ngao ya uso yenye kioo cha namba 10 hadi 12." Andika tatu zilizobaki kwa mtindo huo.

Maswali ya kujipima

1. Fundi amevaa glavu za ngozi na anataka kutoboa bati kwa keekee. Mshauri na utoe sababu.
2. Mashine inatoa desibeli 91. Mfanyakazi asiye na viziba masikio afanye kazi kwa muda gani?
3. Chuma cha kilo 25 kimeanguka kutoka mita 1.2 juu ya buti lililopimwa kwa jouli 200. Je, vidole viko salama? Onesha hesabu.
4. Mwajiri amenunua barakoa za N95 kwa vijana watakaosafisha tangi la mafuta kwa ndani. Eleza kosa lake.