Kimya cha Programu Huria: Imekomaa au Imekufa?

Kila mwaka, wiki za kuandika pendekezo la projekti ya mwaka wa mwisho zikifika, maongezi maabara huwa yale yale. Mtu anafungua ukurasa wa programu huria kule GitHub, anatazama tarehe ya badiliko la mwisho, anakuta miezi minane imepita, anafunga. "Hii imeshakufa bwana, tuanze yetu." Kesi imeisha hapo, na shahidi alikuwa tarehe peke yake.

Twende kwanza Goweko, kituo cha Reli ya Kati mashariki mwa Tabora, nchi ile waliyopita wapagazi wa misafara kabla ya reli. Njia ya chuma ilifika Tabora mwaka 1912, na upana wake wa mita moja haujabadilika hadi leo. Ukikaa kituoni saa tatu bila kuona treni, hutasema reli imekufa. Kuijenga kuliisha zamani. Iliyobaki ni kazi ya genge: kukaza vifungio, kubadili mataruma, kuzibua makalvati. Ni kazi ndogo, haipigwi picha, mpaka mvua ije. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 zilibeba tuta kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za reli hii zikakwama kwa miezi. Reli ilikuwa ile ile. Mto ndio uliohama.

Programu iliyokomaa iko hivyo hivyo. Simu ya abiria anayesubiri Goweko inajua saa kwa msaada wa tz, hazina ya kanuni za saa za dunia nzima iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, na ambayo leo inasimamiwa na Paul Eggert chini ya IANA. Ndani yake Africa/Dar_es_Salaam ni kiungo tu kinachoelekeza Africa/Nairobi, maana saa zetu ni moja. Kwa upande wetu hakuna cha kugusa kwa miongo. Lakini Sudan Kusini ilipoamua kurudisha saa nyuma kwa saa moja kuanzia tarehe 1 Februari 2021, toleo la 2021a lilikuwa limeshatoka wiki moja kabla. Matoleo ya tz ni machache kwa mwaka, na anayehesabu mabadiliko angesema mradi umelala. Watu wa Juba walihitaji mtu mmoja aliye macho, na alikuwepo.

Kwa hiyo swali la kuuliza mradi si "mara ya mwisho lini?" Uliza: mvua ikinyesha, nani atatoka na koleo? Fungua taarifa za hitilafu, soma zile za usalama, uone kama zilijibiwa na baada ya siku ngapi. Kisha tazama ni wangapi wenye ruhusa ya kutoa toleo. Hapa pa pili ndipo penye hatari, na wengi wetu tunaparuka.

Tazama xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux. Kwa miaka ilitunzwa na Lasse Collin, kwa kujitolea, na alishasema wazi kuwa nguvu zimempungua. Akatokea mtu kwa jina la Jia Tan, akaleta marekebisho mazuri kwa zaidi ya miaka miwili, huku majina mengine yakimsukuma mwenye mradi agawe madaraka. Mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani yake. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa sababu tu kuingia kwenye seva kwa SSH kulichelewa nusu sekunde naye hakulipuuza. Alitangaza tarehe 29 Machi. Ukimya wa xz haukuwa tatizo, kazi yake ilikuwa imekamilika. Tatizo ni kwamba genge zima lilikuwa mtu mmoja aliyechoka, na msaidizi wa kwanza kubisha hodi kwa dhati alikuwa mwizi.

Tusijidanganye lakini kwamba kila ukimya ni wa heri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice inayoongea Kiswahili. Kazi kubwa ile. Istilahi zenyewe ilibidi zitafutwe kwanza. Baadaye mwili mzima wa OpenOffice ulipasuka: mwaka 2010 kundi moja likajitenga na kuanza LibreOffice, mwaka 2011 Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa Apache. Toleo la 4.1 la Apache lilitoka 2014, na tangu hapo ni viraka vya 4.1 tu. Kwa kuwa leseni ni huria, Kiswahili hakikuzikwa na mradi. Bado kimo katika orodha ya lugha za LibreOffice. Ila tafsiri haikomai kama tz. Kila toleo jipya huja na maneno mapya kwenye menyu, na neno lisilotafsiriwa hubaki Kiingereza. Tafsiri ikinyamaza, inaoza taratibu huku jina lake likiendelea kung'aa kwenye orodha.

Sasa wewe wa mwaka wa tatu. Mfumo mpya wa kusajili wanafunzi utakaouanza mwezi huu, nani ataufungua ukishapata alama zako? Mwambie msimamizi wako kuna njia nyingine: chagua programu tulivu ambayo watu wanaitegemea, ijenge kwenye mashine yako, jaribu toleo lijalo kabla halijatoka, thibitisha hitilafu moja iliyoripotiwa na ambayo hakuna aliyeigusa. Msimamizi anaweza kuuliza, "Wewe umetengeneza nini hapo?" Mwonyeshe kumbukumbu za mradi, jina lako, na jibu la mtunzaji. Kama msimbo unakutisha, Kiswahili cha LibreOffice kinaanzia kwenye sentensi moja, na hiyo hata mwanafunzi wa Fasihi anaiweza, pengine kuliko sisi wa kompyuta.