Watoto wanataka Fort Jesus, mume wangu anataka mbaazi zivunwe

Kwako Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mukuru kwa Njenga. Mume wangu hufanya kazi za mjengo, mimi huuza mitumba kando ya barabara. Kifungua mimba wetu ni msichana wa miaka 14, wa pili ni mvulana wa miaka 10, na kitinda mimba yuko Gredi ya Pili. Kila likizo ya Agosti ikiisha, wenzao hurudi shuleni na hadithi za Mombasa na Nakuru. Wangu hawana la kusimulia.

Mwaka huu jirani yangu anaandaa basi la kwenda Mombasa siku tatu, kuona Fort Jesus na magofu ya Gede. Familia ni shilingi 32,000. Nimeweka 14,000 kidogo kidogo bila mume wangu kujua, na nimeshampa jirani 3,000 katika hizo atushikie viti. Zinazobaki nafikiria kukopa kwa simu. Nilipomdokezea mume wangu habari za makumbusho alicheka. Akasema hayo ni mambo ya watalii, yeye hawezi kulipa pesa akatazame mifupa na vyungu vilivyovunjika, na kwamba watoto wataenda kwao Makueni kumsaidia mama yake kuvuna mbaazi kama kila mwaka.

Je, niondoke na watoto wangu bila yeye, akasirike baadaye? Au niache?

Mama wa Watatu, Mukuru kwa Njenga

Mama wa Watatu,

Nianze na mkopo, maana huo ndio utakaokuuma kwanza. Usiuchukue. Mkopo wa simu hudai mapema na hudai kwa kelele, na muhula wa tatu ukifunguliwa mwalimu hatauliza kama mtoto alifika Gede, atauliza karo. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593. Tangu hapo imepiganiwa, imefanywa jela, imefanywa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Haiendi popote. Halafu hebu piga hesabu ya safari yenyewe: Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, na kurudi vivyo hivyo. Katika siku hizo tatu watoto watalijua basi kuliko ngome.

Kuna swali nataka ujiulize ukiwa peke yako, na si lazima uniandikie jibu. Safari hii ni ya watoto, au ni ya picha za status ili jirani fulani azione? Sikulaumu, sote tuna majirani. Ila ukishajijibu utajua ni shilingi ngapi hasa unazohitaji.

Sasa mumeo. Hapo kwenye mifupa amenichekesha, na naomba umsomee aya hii kwa sauti. Mtu wa Makueni anadharau mifupa! Mifupa mashuhuri kuliko yote iliyoko Nairobi iligunduliwa na mtu wa kwao. Kamoya Kimeu alizaliwa Makueni, hakupita shule ya msingi, na mwaka 1960 akaanza kibarua cha kuchimba na watafiti akina Leakey kule Olduvai. Agosti 1984 walikuwa wamepiga kambi Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ilikuwa siku ya mapumziko. Wenzake wamepumzika, yeye akatoka kutembea, akaona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana rangi na kokoto zilizokizunguka. Wewe na mimi tungekikanyaga tukapita. Walipochimba mahali hapo wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wataalamu hawakubaliani kuhusu umri wake alipokufa, wengine wanasema 8, wengine wanafika 12. Kwa vyovyote ni rika la mwanao wa pili. Mwaka uliofuata Kamoya alipokea nishani ya National Geographic mikononi mwa Rais Reagan wa Marekani. Alifariki mwaka 2022.

Hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa kuchimba juani, na kazi hiyo mtu wa mjengo anaielewa kuliko watalii wengi wanaopita pale na kamera. Mvulana huyo yuko Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, hapo hapo Nairobi. Mpe mumeo kazi ya kuwaeleza watoto jinsi mtu anavyochimba bila kuvunja kilichomo ardhini. Baba aliyepewa la kusema huwa hasemi tena kwamba hayo ni mambo ya watalii.

Hata hivyo, mimi nisingeanza na Museum Hill. Ningeanza na reli, kwa kuwa inapita mlangoni kwenu na watoto wameizoea hata hawaioni. Chukueni treni ya abiria stesheni ya Imara Daima hadi stesheni kuu mjini. Ulizieni ratiba siku moja kabla, kwa sababu treni hizo hufanya safari zaidi asubuhi na jioni, lakini hazijui foleni ya Mombasa Road. Mkishuka, Makumbusho ya Reli ni mwendo mfupi wa miguu. Mle mna vichwa vya treni vya mvuke, na watoto husimama karibu navyo hadi wakaribie kushika vyuma. Mwulizeni mhudumu behewa la Kima. Mwaka 1900 simba alikuwa anawamaliza watu wa reli pale Kima, na afisa wa polisi aliyeitwa Ryall akaamua kumvizia usiku akiwa ndani ya behewa na wenzake wawili. Ilikuwa zamu yake ya kukesha, akasinzia. Simba akaingia behewani, akamtoa kupitia dirisha. Behewa lenyewe lipo. Mtoto wa Gredi ya Pili akitoka hapo hatakuuliza tena habari za Mombasa kwa wiki nzima.

Na Kima ni wapi? Ni Makueni, kando ya barabara ile ile watakayopita wakienda kwa nyanya yao. Kwa hiyo sioni ugomvi kati ya safari yako na mbaazi za mama mkwe. Wiki ya kwanza mji, wiki zinazobaki ushago, na basi likikaribia Kima baba yao awaonyeshe. Kule nyumbani msichana wako mkubwa amwombe nyanya amfundishe kusuka kiondo. Museum Hill atakuta vitu vya namna hiyo ndani ya kabati la kioo na maelezo yake, lakini hakuna atakayempa kamba ashike.

Siku hiyo hiyo ya reli, kabla ya kurudi, pitieni bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Ni karibu na stesheni. Ubalozi wa Marekani ulilipuliwa hapo tarehe 7 Agosti 1998, watu zaidi ya 200 wakafa, na majina yao yameandikwa ukutani. Huyo wa miaka 14 anaweza kuyabeba hayo. Mdogo mwacheni acheze kwenye nyasi. Museum Hill ipangeni siku nyingine kabisa, mkitoka kwa yule mvulana wa Kamoya mumpeleke kitinda mimba kuona nyoka hapo jirani na sanamu ya Ahmed, tembo wa Marsabit ambaye Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe.

Ulizieni viingilio mapema, na nyinyi wazazi mbebe vitambulisho, maana bei ya raia si bei ya mgeni. Malipo ya taasisi za serikali siku hizi hupitia eCitizen, kwa hiyo simu iwe na chaji na pesa ziwe M-Pesa. Chapati na chai ya chupa zitoke nyumbani. Sweta pia, Agosti ya Nairobi unaijua.

Limebaki lile lililokufanya uniandikie. Sitakukemea kwa kuficha akiba. Mama aliyekuwa Mukuru kwa Njenga mwisho wa mwaka 2021, matingatinga yalipobomoa nyumba na maelfu wakalala nje, anajua kwa nini mwanamke hufunga noti kwenye kona ya leso. Lakini kuficha pesa za dharura ni jambo moja, na kuondoka na watoto siku tatu kwa pesa ambazo baba yao hajui zipo ni jambo lingine. La pili hilo mtalizungumzia miaka kumi, na watoto wataikumbuka Fort Jesus kwa vita vya wazazi wao.

Mwambie. Usimwambie ndani, chumba kimoja cha mabati hakina siri na huyo wa miaka 14 hajalala kama unavyodhani. Tokeni jioni kama mnaokwenda dukani. Anza na kiasi, kisha sababu, na umwambie ni kiasi gani unataka kitumike na kiasi gani kibaki bila kuguswa. Mimi ningetoa 5,000 kwa siku zote mbili za mjini, nauli na vinywaji ndani yake, na salio likae. Atanuna. Mtu akigundua kuna pesa ndani ya nyumba ambazo hakuzijua, hununa, na ana haki ya kununa siku mbili. Siku ya tatu mpe aya ya Kamoya.

Ila kabla ya yote, nenda kesho kwa jirani ukadai hizo 3,000 za viti. Wenye mabasi hurudisha arbuni kabla hawajalipa hoteli. Wakishalipa, utapewa hadithi.