Haski Mbele, Skii Nyuma: Mambo ya Kujua Kabla ya Kufunga Kamba

Asubuhi baada ya theluji kuanguka usiku kucha, njia za misitu ya Minnesota, kaskazini mwa Marekani, huwa hazina hata alama ya unyayo. Ndipo wapenzi wa skijoringi wanapotoka: mtu na skii zake miguuni, mkanda mpana kiunoni, na mbwa aina ya haski aliyefungwa mbele kwa kamba yenye mpira ndani yake, urefu wa takriban mita tatu. Mtu huyo si mzigo wa kukokotwa. Anasukuma kwa miguu na fimbo zake, na mbwa anaongeza nguvu.

Katika mchezo huu, farasi ndio waliopata sifa mapema. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1928, huko St. Moritz, Uswisi, skijoringi ya farasi ilikuwa mchezo wa maonyesho, na mtelezaji alishika hatamu. Kwa mbwa hatamu hazipo. Kuna sauti tu, na hapo ndipo wanaoanza wanapopata taabu.

Haski wa Siberia ana kilo 16 hadi 27, lakini asidharauliwe. Mwaka 1925 dondakoo ilipozuka Nome, Alaska, timu 20 za mbwa zilipokezana kufikisha dawa umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa muda usiofika siku sita. Togo, mbwa kiongozi wa Leonhard Seppala, alipita kwenye barafu ya bahari, sehemu ya hatari kuliko zote, akiwa mzee wa miaka 12. Mbwa wa damu hiyo hahitaji kubembelezwa avute. Kazi ni kumfundisha kusimama.

Mafunzo hayo huanza kwa miguu, kabla hata ya theluji. Waendesha mbwa wa Alaska husema “gee” kwa kulia na “haw” kwa kushoto; familia ya Waswahili inaweza kutumia Kiswahili bila shida, ila “kulia” na “kushoto” huanza kwa sauti moja, na mbwa anayekimbia hasubiri neno liishe. Ni afadhali kuchagua maneno mawili yasiyofanana kabisa, kisha nyumba nzima iyatumie hayo hayo. Naye mtu ajue kwanza kusimama na kugeuka kwenye skii bila mbwa.

Mikanda ya mbwa ibane kifua na mabega, isikabe koo. Kamba iwe na kifungo kinachofunguka kwa mvuto mmoja, maana sungura akikatiza njia hakuna muda wa kuhangaika na fundo. Skii zenye kingo za chuma hazifai: mtelezaji akimparamia mbwa wake, zinaweza kumkata miguu.

Theluji mpya ni laini kwa anayeanguka, lakini inaficha mawe na mizizi, na ikiwa nene mbwa hupambana nayo hatua kwa hatua hadi achoke. Safari za kwanza ziwe fupi, kwenye njia iliyoshindiliwa. Theluji yenye unyevu huganda katikati ya vidole vya mbwa na kuwa vidonge vigumu. Akianza kuchechemea au kulamba mguu, asimamishwe, vidonge vitolewe kwa vidole vya mkono usio na glavu, kisha avalishwe viatu vya kitambaa. Apewe maji kabla ya kutoka, hata kama baridi ni kali, kwa sababu haski mwenye manyoya ya tabaka mbili huzidiwa na joto upesi akifanya kazi. Mbwa ambaye mwili wake haujakomaa asivute kabisa.

Ziwa lililoganda huvutia kwa unyoofu wake. Idara ya maliasili ya Minnesota inashauri barafu mpya, safi, iwe na unene wa angalau sentimita 10 kabla mtu hajaikanyaga, na barafu nyeupe yenye theluji ndani yake inahitaji unene mkubwa zaidi.

Njia nyingi za skii haziruhusu mbwa. Soma kibao cha mwanzoni mwa njia kabla ya kumshusha mbwa garini, na beba mfuko wa kuzoa kinyesi chake.