Kukodi nyumba Waberi, Garissa: kabla hujatoa dipoziti

Nenda uione saa nane mchana. Asubuhi kila chumba Garissa kinapendeza. Saa nane ndipo bati lisilo na dari linapokuonyesha cha mtema kuni. Ukiwa hapo, fungua mfereji. Maji yakikatika, kuna tangi, na nani hulijaza? Mita ya stima ni yako peke yako, au tokeni mnachangiana na jirani mwenye friji ya kuuzia soda? Mimi nililipia baridi ya soda za mtu miezi mitatu.

Kodi tuma kwa M-Pesa, au dai risiti yenye mwezi na sahihi. Msimamizi wa ploti akisema "si tunajuana?", mjibu ndiyo, na bado uandikiwe. Siku ya kuingia piga picha kila ufa na kitasa kilicholegea.

Kukufungia nje kwa kufuli bila amri ya mahakama si haki ya msimamizi. Kukamata vyombo kwa deni la kodi nako ni kazi ya dalali mwenye leseni, si ya msimamizi na shemeji zake. Dipoziti isiporudi, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili.