Mafunzo Niliyopata kwa Kuongea na Kiini cha Linux

Nilijifunza C kama wengi wetu, kwa printf, na ingenitosha. Lakini nilitaka kujua chini yake kuna nini.

1. Chini yake kuna mlango mmoja. Programu hairuhusiwi kugusa diski wala kadi ya mtandao moja kwa moja. Hupeleka ombi kwa kiini cha mfumo. Kwenye Linux ya biti 64 katika mashine za Intel na AMD, kila ombi lina namba: read ni 0, write ni 1, exit ni 60. Python na Java nazo hupita hapo hapo.

2. Soma jibu unalorudishiwa. Hapa ndipo penye kazi. Ukiipa write baiti 10,000, inaweza kuandika 4,096 tu na kukurudishia namba hiyo. Si kosa, zilizobaki ni juu yako. Read ikirudisha 0, faili imefika mwisho. Ikirudisha -1, tazama errno: EACCES ni kunyimwa ruhusa, ENOSPC ni diski kujaa, EINTR ni kukatizwa na ishara, na mara nyingi dawa yake ni kurudia ombi. Hata write ikifanikiwa, data huenda bado iko kwenye kumbukumbu ya kiini, haijafika diskini. Umeme ukikatika (nasi twaujua umeme wetu) imepotea. Anayeandika programu ya kutunza fedha za watu na aite fsync, inayolazimisha data ifike diskini, na jibu lake alisome pia.

3. Fork, ombi la kuzaa mchakato mtoto, huitwa mara moja, hurudi mara mbili: kwa mzazi na namba ya mtoto, kwa mtoto na 0. Mzazi asipoita wait, mtoto aliyemaliza kazi hubaki kwenye orodha akiitwa zombi.

4. Strace, chombo kinachoonyesha maombi ambayo programu hupeleka kwa kiini, haifichi kitu. Programu ya duka la rafiki yangu ilikuwa ikijifunga kimya kila ikiwashwa. Strace ikatoa mstari huu:

openat(AT_FDCWD, "/etc/duka.conf", O_RDONLY) = -1 ENOENT

Faili ya mipangilio haikuwepo. Aliyeandika programu hakukagua jibu.

5. Kitabu cha Michael Kerrisk, The Linux Programming Interface (2010), kina kurasa zaidi ya 1,500. Usikisome mfululizo, anza na amri ya "man 2 write".

Kisha nenda kwenye folda yenye mafaili mengi, uendeshe "strace -e trace=write ls". Rudia ukielekeza matokeo kwenye faili, uone miito ya write inavyopungua. Tafuta mwenyewe kwa nini.